Anayebisha hodi chini ya kiti cha nyuma

Aliyeanza kusema ni mama yangu. Tulikuwa tunatoka kanisani, mimi kwenye usukani, mke wangu pembeni, yeye na wajukuu nyuma. Kila nilipoachia klachi ili tuondoke, ko. Nikiondoa mguu kwenye mafuta tukiteremka, ko. Mama akavumilia mpaka Tengeru, halafu akasema, "Baba, humu chini ya kiti changu kuna mtu anabisha hodi na hamtaki kumfungulia."

Watoto wakacheka hadi wakashikana. Mimi nikamjibu kwamba Land Rover ya zamani ina sauti zake, Mama, ukizisikia ujue mzima. Jibu la kijinga kabisa. Lilikuja kunigharimu miezi minne na fedha ambayo ingelipa ada ya muhula.

Gari lenyewe ni 110, Defender ya injini ya 300Tdi, ya mwaka 1996. Lilishabeba watalii miaka mingi kabla ya kunifikia. Ukiangalia paa unaona bado alama za ule mlango wa juu wa kutazamia wanyama, ulivyozibwa kwa bati. Mtu anayenunua gari la safari lililostaafu ananunua na barabara zote lililopita, vumbi la Ngorongoro na yale mawimbi ya njia ya vumbi yanayolitikisa gari mpaka unahisi meno yanalegea. Nililijua hilo. Nisichojua ni mahali gani hasa barabara hizo huacha deni lake.

Fundi wangu ni mzee aliyekulia kwenye 109, Land Rover iliyotangulia 110. Mikono yake ni dhahabu, na sijawahi kumwona akibadilisha kitu ambacho hakijafa. Nilimpelekea lile ko. Akaendesha mara moja tu kuzunguka uwanja, akashuka akisema, "Krosi." Yaani krosi za propela, vile viungo vya ncha za mhimili unaopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye magurudumu. Na kwa kweli, sauti ya krosi iliyolegea ndiyo hiyo hiyo: unaingiza gia, ko, unageuza kwenda rivasi, ko. Tukabadilisha krosi mbili za propela ya nyuma. Nikalipa, nikaondoka, nikafika kwenye tuta la kwanza. Ko.

Nikarudi. Safari hii akashika propela kwa mkono, akaipindua huku na huku, akasema difu, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma na meno yake ndani, ina mchezo mkubwa, yaani imelegea. Difu kweli ilikuwa na mchezo, lakini difu gani ya umri ule haina? Tukafungua, tukakagua, tukabadilisha mafuta, tukafunga. Ko. Mwezi wa tatu wa kuhangaika nikanunua raba za shokapu. Ko. Nyumbani Mama akaacha hata kulalamika. Akawa anagonga kiti kwa kiganja baada ya gari kugonga, kama anamwitikia mgeni wake.

Sasa nikitazama nyuma simlaumu yule mzee, na naomba nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Kwenye 109, difu ya nyuma inashikwa na springi za majani. Springi ndizo zinabeba uzito, na ndizo zinazuia difu isiende mbele, nyuma, wala pembeni. Ukisikia kugonga nyuma unatafuta krosi, pini za springi, difu, basi. Mwaka 1983 ilipokuja 110, springi za majani ziliondolewa zikawekwa za mduara, mpango ambao Range Rover ilikuwa nao tangu 1970. Springi ya mduara inajua kazi moja tu, kubeba uzito. Haiwezi kuzuia difu isitangetange. Kwa hiyo chini kuna mikono miwili mirefu inayoishika difu isiende mbele na nyuma, na juu kuna mkono wenye umbo la herufi A. Miguu ya hiyo A imefungwa kwenye chesisi kwa bushi za raba, na ncha yake inakuja kukaa juu ya difu, karibu katikati kabisa. Pale kwenye ncha, kinachounganisha A na difu ni boljointi moja tu, yaani pini yenye kichwa cha tufe linalocheza ndani ya kikombe.

Moja! Difu nzima, na magurudumu yake mawili, inazuiwa isiende kushoto na kulia na boljointi moja isiyozidi ngumi ya mtoto. Na ndiyo inayozuia difu isijipindue unapokanyaga mafuta au breki. Ikilegea, kila injini inapovuta, difu inajipinda kidogo mpaka ile tufe igonge ukuta wa kikombe chake. Ukiachia mafuta, inajipinda upande wa pili. Kwa sikio huwezi kuitofautisha na krosi. Sikio la mzee lilifundishwa na magari ambayo kitu hicho hayakuwa nacho. Na ukitaka kujua kilipo ukiwa umekaa ndani ya gari, kipo karibu na usawa wa kiti cha nyuma, chini ya sakafu. Mama alikuwa ameshasema.

Nilikuja kuiona kwa bahati. Jumamosi moja niliingia mvunguni kutafuta mahali mafuta yanapovuja, nikamwambia chalii wa jirani aegemee gari kidogo asogeze boksi la spana lililokuwa limebanwa na tairi. Handbreki ilikuwa juu. Alipoegemea, gari likayumba mbele na nyuma kama kidole hivi, na mimi nikiwa nimelala chali nikaona juu ya difu kitu kikinyanyuka na kurudi. Nikamwambia, "Sukuma tena." Akasukuma. Kile kikombe kikahama, pini ikabaki. "Tena." Nikaweka kidole gumba kwenye ungio. Ko, nikaisikia kwa mfupa. Raba yake ya kuzuia vumbi ilikuwa imechanika zamani sana, ndani hakuna grisi, kuna unga mwekundu wa kutu na vumbi.

Ukitaka kupima ya kwako, kipimo ni hicho hicho. Kwenye Defender hizi za zamani handbreki haikamati magurudumu, inakamata propela, kwenye ngoma iliyo nyuma ya gia boksi. Kwa hiyo ukiipandisha na mtu akalisukuma gari mbele na nyuma, difu inajaribu kujipinda, na kila kilicholegea kinajionyesha. Hakihitaji chombo wala senti. Kinahitaji watu wawili, na mmoja akubali kulala chini. Nilipomsimulia Mama, alinijibu tu, "Mtaka cha mvunguni," akaendelea kuchambua mchele.

Spea niliitafuta Arusha mjini mwanzoni mwa Oktoba 2024, wiki zile ambazo Land Rover zilikuwa zinamiminika kwa ajili ya tamasha lao, na kila duka lina foleni ya watu walioshika chuma kichafu mkononi. Nilikuta aina mbili. Kuna inayouzwa tufe na kikombe chake peke yake, unapaswa kuigandamiza kwa mashine kwenye nyumba ya zamani, yaani chuma kinachoishika, na kuna inayokuja kamili na nyumba yake, wewe unafunga bolti tu. Ya kwanza ni rahisi kwa bei, lakini ukiwa nyumbani huna mashine ya kugandamiza, na ukiigonga kwa nyundo umeiua kabla haijafanya kazi. Nikachukua kamili. Na ndani ya aina hiyo kuna tena ya shilingi elfu tisini na ya zaidi ya laki mbili. Muuzaji, kijana mstaarabu, aliniwekea zote mbili kaunta akaniambia, "Mzee, zungusha mwenyewe." Ya elfu tisini ilizunguka laini kama kifuniko cha chupa. Ya laki mbili ilinibidi niishike kwa mikono miwili, ikasogea polepole kwa ukaidi. Boljointi mpya inatakiwa iwe kaidi. Nikalipa huku nikiugua kimoyomoyo, nikaongeza bolti mpya na pini ya kupasua, ile ya kuzuia nati isifunguke, kwa sababu zile za zamani hazistahili kurudishwa.

Kazi yenyewe nilipanga Jumamosi asubuhi, nikadhani saa nne itakuwa imekwisha.

Uwanja wa kwangu umeinama kidogo kuelekea kwenye migomba. Kidogo tu, ukimwaga maji ndiyo unajua. Nikapandisha handbreki mpaka mwisho. Gia ilikuwa huru, kwa sababu tulikuwa tumetoka kuonyeshana kile kipimo cha kusukuma na nikasahau kuirudisha. Nikaweka jeki chini ya difu upande wa kushoto, nikaanza kupandisha. Tairi lilipoachana na ardhi tu, gari zima likaondoka. Halikwenda mbali, nusu hatua. Tairi lililokuwa hewani likazunguka kinyume, la kulia likaviringika, jeki ikalala, na gari likatua chini kwa kishindo kilichomtoa mke wangu jikoni na mwiko mkononi.

Hakuna aliyekuwa chini. Chalii alikuwa amesimama na chupa ya maji, na hakuimwaga. Akaniangalia tu.

Nilikaa kwenye gogo kama robo saa. Kila mwenye gari hilo anaambiwa siku moja, na mimi niliambiwa nikaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia: handbreki inakamata propela, na kati ya propela na magurudumu ya nyuma kuna difu. Yakiwa chini yote mawili, yote yanazuiwa. Ukinyanyua moja, la pili liko huru kuviringika, maana lile la hewani linazunguka kinyume kulipa nafasi. Na magurudumu ya mbele hayasaidii chochote kama gia iko huru na difu loki ya katikati, ile inayofunganisha propela ya mbele na ya nyuma, haijafungwa. Nilikuwa nimeacha tani karibu mbili ziegemee kwenye adabu ya mteremko.

Tukaanza upya. Difu loki nikaifunga, nikasogeza gari mbele kidogo mpaka taa yake ikawaka, kwa sababu lever inaweza kuhama na meno yasikamatane. Gia ya kwanza. Mawe makubwa mbele na nyuma ya kila tairi, yote manne. Halafu nikafikiri: kwani nanyanyua magurudumu kwa nini? Boljointi iko juu ya difu, na magurudumu siyafungui. Ninachotaka ni nafasi tu. Kwa hiyo matairi yakabaki ardhini, na nikanyanyua chesisi kwa nyuma mpaka springi zikarefuka na mkono ukapata pa kupita, nikaweka stendi mbili juu ya vipande vya mbao. Jicho nikaliweka kwenye paipu ya mpira ya breki inayoshuka kutoka chesisi hadi juu ya difu, maana hiyo ndiyo inayovutika wa kwanza ukipandisha kwa pupa. Ilikuwa bado ina ulegevu. Jeki ya pili nikaipeleka chini ya pua ya difu, pale propela inapoingilia.

Kutoa nati ya taji, ile yenye mipasuko, iliyo chini ya pini ndiyo adhabu. Imejificha kati ya mabano na mgongo wa difu, spana inageuka robo ya robo, unaitoa, unairudisha. Pini ya kupasua ilikuwa imekuwa kutu tupu, niliichokonoa kwa msumari. Usiku wa jana yake nilikuwa nimeinyeshea mafuta ya taa kwa brashi, na nadhani ndiyo iliyoniokoa. Nati ikatoka. Pini haikutoka. Pini za boljointi zimechongwa kama kabari, na miaka ishirini na nane ya kutikiswa huwa imeziingiza kwenye tundu lake mpaka zinadhani ni chuma kimoja.

Hapa watu wengi wanagonga pini kwa chini, na ncha inachanua kama uyoga. Kuna njia ambayo yule fundi mzee alinifundisha zamani kwenye tairodi za usukani. Unachukua nyundo mbili. Moja nzito unaiegemeza upande mmoja wa lile jicho la chuma lililoshika pini, na ya pili unagonga upande wa pili, mara moja, kwa nguvu, bila kubembeleza. Jicho linashtuka, linapanuka kwa unywele, kabari inaachia. Chalii alishika nzito, mimi nikagonga. Mara ya tatu kulikuwa na mlio mkavu, tah, na mkono wa A ukaruka juu kama mtu aliyechomwa na mwiba.

Kufungua nyumba ya zamani, kusugua kutu na kufunga mpya hakuna hadithi. Tulikula ndizi tukaendelea. Jambo moja tu: lile tundu la kabari lisafishwe likauke kabisa. Mtu anatamani kulipaka grisi ili siku nyingine litoke kwa urahisi, na kabari yenye grisi haishiki.

Kisha ikaja saa ya kurudisha, na tundu halikuwa mahali pake.

Tulipoachanisha boljointi, difu ilikosa kitu cha kuishika kwa juu, na jeki ya puani, ambayo sikuiwekea ubao kwa sababu mbao zilikwisha, ilikuwa imezama udongoni. Pua ikainama, tundu likasogea mbele upana wa kidole gumba. Nikapandisha jeki. Pua ikagoma, gari likaanza kunyanyuka nalo. Nikafunga mkanda wa kukazia mizigo kati ya difu na chesisi, nikavuta mpaka mkanda ukaimba. Hakuna. Nikachukua mtaimbo. Hakuna. Saa nane hiyo, nimelowa, nina mchanga masikioni, na nimeshaanza kusema maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya kijana.

Chalii akachuchumaa akachungulia. "Mwalimu," akasema, "hii si handbreki ndiyo imeshika?"

Nilinyamaza. Ilikuwa ndiyo hiyo. Magurudumu yamezuiwa na mawe, propela imeshikwa na handbreki na gia, sasa difu itajipindaje? Ili mwili wa difu uzunguke huku magurudumu yametulia, lazima propela nayo ikubali kuzunguka. Ile pua iliinama kwa sababu ya michezo midogo midogo ya meno ya zamani, na michezo ilipokwisha ikagonga mwamba. Handbreki ile ile iliyokataa kulishika gari asubuhi, mchana ilikuwa imeshika nisichotaka kishikwe.

Nikapima mawe yote manne kwa teke, nikatazama stendi, halafu nikaingia ndani nikatoa gia, nikafungua difu loki, nikashusha handbreki. Nikarudi chini, nikapandisha jeki taratibu. Pua ikainuka kama ngamia anayetii. Tundu likarudi nyuma, likaja chini ya pini, likasimama. Chalii akakandamiza kichwa cha A kwa mtaimbo kutoka juu, kwa sababu bila kukandamizwa pini inazunguka pamoja na nati na hukazi kitu, nami nikakaza robo kwa robo. Nati ya taji ikikazwa ipasavyo na mpasuko wake usilingane na tundu la pini, unaongeza kukaza mpaka ulingane. Hulegezi kurudi nyuma. Nikapitisha pini mpya, nikaipasua, nikakunja masikio yake.

Zile bolti za bushi kwenye chesisi, ambazo nilikuwa nimezilegeza ili mkono ucheze, nikazikaza mwisho kabisa, gari likiwa limeshuka na uzito wote uko juu ya magurudumu. Ukizikaza wakati chesisi imenyanyuliwa, raba inabaki imejipinda maisha yake yote na haichukui muda inachanika.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro. Nikamlipa chalii, nikamwongezea ya soda, akakataa ya soda akaomba nimfundishe kuendesha. Tumeshaanza.

Jumapili tulipanda wote. Nikaachia klachi, gari likaondoka kimya. Tuta la kwanza, kimya. Kona ya kuingia lami, ambapo zamani nyuma kulikuwa kunachelewa kidogo kama mkia wa kondoo, gari likageuka kwa pamoja. Hilo sikuwa hata nimeligundua kama kasoro, nilishazoea. Nikamtazama Mama kwenye kioo. Alikuwa amekaa wima na mkoba wake mapajani, uso kama wa mtu anayesikiliza mahubiri.

Tukafika Tengeru. Akainama mbele, akanigusa bega.

"Baba, yule ameingia. Lakini huku kulia kuna mwingine, huyu analia kama panya."

Nilipofika nyumbani nikavua koti la kanisani, nikatandika gunia, nikamwita chalii aje asukume.